Unavuta kamba mpaka bega linauma na injini haiwaki: tafuta kwanza moto unafia wapi

Wakuu, hii nimeiandika kwa wenye injini ndogo za petroli za zamani, yaani pampu ya maji, jenereta, mashine ya kukata nyasi, pikipiki za kale za volti 6, vespa, chochote unachokiwasha kwa nguvu zako mwenyewe kwa kiki au kamba au hendeli na moto wake wa plagi hautegemei betri. Diseli haimo humu, diseli haina plagi ya moto, kwahiyo kama mashine yako ya kusaga ni ya diseli shida yako iko kwenye nozeli na pampu sio hapa.

Kinachoniuma ni hela za watu. Injini imegoma, mtu anaenda dukani ananunua plagi, haiwaki, anarudi ananunua koili, haiwaki, ananunua na kabureta nzima, alafu mwisho wa siku unakuta waya wa swichi ya kuzimia umechubuka unagusa bodi (chuma cha injini), au kuna kautando kwenye platini (vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme) kanakotoka kwa kipande cha karatasi. Moto una njia yake, unaanzia kwenye sumaku unaishia kwenye plagi, na kazi yako ni kuitembea ile njia kurudi nyuma hatua moja moja mpaka uone unafia wapi. Ukishapaona ndo utoe hela.

Moto unatengenezwaje, ielewe hii kwanza

Flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, ina sumaku. Ikizunguka, sumaku inapita karibu kabisa na koili, na ndani ya koili kuna waya mbili, wa kwanza mnene wenye mizunguko michache, wa pili mwembamba kama unywele wenye mizunguko mingi mno, kama mara 50 mpaka 100 ya ule mnene. Sumaku ikipita inaamsha umeme kwenye waya mnene, na huo umeme unapita kwenye platini zikiwa zimefungana unaingia kwenye bodi, unazunguka hapo hapo. Sasa kemu (kinundu kinachozunguka na injini) ikizifungua platini umeme unakatika ghafla, na ule mkatiko wa ghafla ndo unaoamsha maelfu ya volti kwenye waya mwembamba mpaka zinaruka kwenye plagi. Shika hapo: moto unatoka platini ZIKIACHANA, sio zikigusana. Nimeshakutana na mafundi wazoefu kabisa wanaoamini kinyume, na ndo maana wanazisogeza platini mpaka zinakaribia kubanana wakidhani wanaongeza moto.

Kondensa, kale kakopo kadogo pembeni, kanapokea umeme pale platini zinapoanza kuachana ili cheche isiruke kwenye platini zenyewe. Kakifa, mkatiko unakuwa wa kuvutika vutika, moto wa plagi unakuwa hafifu na platini zinaungua.

Basi, ndo mfumo mzima wa magneto. Sumaku, koili, platini, kondensa, waya, plagi. Robert Bosch alitengeneza magneto yake ya kwanza 1887 kwa ajili ya injini ya kukaa sehemu moja, na 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaja na ile ya volti kubwa inayorusha moto moja kwa moja kwenye plagi. Miaka zaidi ya mia imepita na pampu iliyoko kwako shambani bado inafuata wazo lile lile. Ndo maana nazipenda, kila kitu unakiona kwa macho na kukishika kwa mkono.

Kabla hujafungua chochote

Toa plagi, irudishe kwenye kapu lake (kile kifuniko cha mwisho wa waya kinachovaa juu ya plagi), ule mwili wa chuma wa plagi uegemeze kwenye chuma tupu cha injini (pasiwe na rangi wala mafuta), mbali na tundu la plagi na mbali na tenki, maana tundu linatema mvuke wa petroli na hapo unarusha cheche. Alafu vuta kamba au piga kiki kwa nguvu zako za kawaida. Usivute polepole ukasema hakuna moto, magneto inataka kasi, ukiizungusha kwa uvivu hata nzima haitoi kitu.

Ukiona cheche ya bluu nyeupe yenye sauti ya tak tak, moto upo. Ukiona kacheche kembamba ka rangi ya chungwa kanakoyumba, moto ni dhaifu, na huo nje utauona ila ndani ya silinda hauruki, sababu hewa iliyobanwa ni ngumu kurukwa kuliko hewa ya wazi. Hapa ndo wengi wanapotea, wanasema "mbona moto ninauona" alafu wanahamia kwenye kabureta siku tatu. Mimi nina plagi mbovu moja niliyoikata ule ulimi wa chini kabisa, kwahiyo moto unalazimika kuruka milimita kama 4 au 5 kwenda pembeni. Moto ukiruka hapo naamini utaruka na ndani. Tengeneza ya kwako, haikugharimu kitu.

Na usivute kamba huku waya wa plagi unaning'inia hewani haujagusa kitu. Ile volti ikikosa pa kutokea inatafuta njia ndani ya koili, inatoboa insuleshani (kinga ya nyaya), na koili iliyokuwa nzima unaiua mwenyewe.

Hakuna moto kabisa

Anza na plagi nyingine unayojua ni nzima. Ikitoa moto umemaliza, funga kazi. Plagi yenye masizi meusi ya kulowa inapitisha umeme kwenye yale masizi badala ya kuruka. Gepu ya plagi, yaani nafasi ambayo cheche inairuka, kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.6 mpaka 0.8.

Bado hamna? Fungua kapu la plagi. Nyingi zimeskrubiwa kwenye waya, zungusha tu linatoka. Angalia ncha ya waya, mara nyingi utaikuta imeoza kijani au nyuzi za shaba zimekatika. Kata kama milimita 5 upate shaba mpya, skrubu tena kapu liume vizuri. Makapu mengi yana rezista ndani, kidude cha kupunguza umeme, kwa kawaida omu 5,000, na rezista inakufa. Pima kwa mita ya umeme, au jaribu moto bila kapu, ile ncha ya waya ikae karibu na chuma milimita 4 hivi, na uushike kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme. Ukiruka bila kapu na ukikataa ukiwa na kapu, jibu unalo.

Alafu swichi ya kuzimia. Hii naiwekea mkazo kuliko vitu vyote maana ndo inayonikutanisha na watu waliokwisha kununua koili mbili. Injini ya magneto unaizima kwa kuunganisha waya mnene wa koili na bodi, yaani unaua kazi ya platini. Maana yake waya wa kuzimia ukichubuka popote ukagusa chuma, injini inajiona imezimwa muda wote. Chomoa ule waya unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi, uache peke yake usiguse kitu, vuta kamba. Moto ukija, shida ni swichi au waya wake. Sekunde 30 tu.

Kwenye injini za baadae kama Honda GX zenye kinga ya oili kupungua kuna mtego wa aina hiyo hiyo: oili ikipungua kile kihisio kinaupeleka moto kwenye bodi na injini haiwaki hata uvute mpaka jioni. Wala hata sio lazima oili iwe imeisha, pampu ikikaa kwenye mteremko wa ukingo wa mto inatosha. Ongeza oili, iweke sehemu tambarare, ikikataa chomoa waya wa njano wa kihisio ujaribu. Ikiwaka, usiiache hivyo ukasahau, badilisha kihisio, kile kitu kinalinda injini yako.

Kuna mzee mmoja analima mchicha na bamia kando ya mto Ruvu kule Mlandizi aliniita kwa pampu yake ya kizamani, bustani imeanza kunyauka. Nikafika, "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu, njoo uone, hii mashine imeniweka pabaya, wiki nzima nachota kwa ndoo." Akanionyesha mfuko, ndani kuna koili mpya, plagi mbili mpya na risiti. Nikachomoa waya wa swichi. Nikamwambia mzee vuta. Akavuta mara moja, ikawaka. Alikaa chini kwenye ndoo akanyamaza kimya, alafu akauliza ile koili duka litairudisha. Halikuirudisha. Ule waya ulikuwa umepita chini ya tenki, tenki linatikisika, limeula mpira taratibu kwa miezi mpaka shaba ikagusa. Sehemu yenyewe iliyochubuka haizidi ukubwa wa punje ya mchele.

Platini: hapa kaa chini, usikimbie

Kama swichi iko sawa na moto haupo au ni dhaifu, kwa injini ya zamani nenda kwenye platini kabla ya koili. Nyingi zimefichwa chini ya flaiwili. Kwenye pikipiki unaweza kuzifikia kupitia madirisha ya flaiwili, kwenye pampu na mashine za nyasi mara nyingi lazima uitoe. Itoe kwa pula yake, kile kifaa cha kuivutia nje. Usigonge kichwa cha krenki (shafti inayobeba flaiwili) kwa nyundo, uzi ukishavimba umejiletea gharama nyingine kabisa. Na kabla hujailazimisha nati hakikisha uzi wake ni wa kawaida au wa kushoto, zipo za aina zote mbili.

Zikae wazi alafu ziangalie kwa tochi. Uso wa platini nzima una rangi ya kijivu tulivu, kama kijiko cha zamani. Mafuta yakiwepo, yametoka kwenye sili ya krenki (mpira wa kuzuia oili isivuje), hata ukisafisha leo kesho yanarudi mpaka ubadili sili. Ukiona upande mmoja una kishimo na wa pili una kijichuguu kinacholingana nacho, chuma kinahama upande hadi upande, mtuhumiwa ni kondensa. Zikiwa nyeusi na bluu zimebabuka, ni kondensa tena au mafuta.

Alafu kuna hili la pwani na visiwani, Tanga, Bagamoyo, Unguja: injini ikikaa miezi miwili mitatu bila kuwashwa, hewa ya chumvi inaweka utando kwenye platini usiouona hata kwa tochi. Umeme wa magneto ukiwa bado mdogo hauna nguvu ya kuupenya. Injini ilizimwa nzima, inarudiwa haina moto. Mtu anasema imekufa, wakati inataka kusafishwa tu.

Kusafisha: faili nyembamba ya platini au msasa laini wa 400 kwenda juu, sugua kidogo sana mpaka nyuso zikutane bapa. Alafu, na hii ndo watu wanairuka, chukua kipande cha karatasi safi ngumu, kichovye kwenye petroli, kibane katikati ya platini na ukivute. Rudia mpaka karatasi itoke bila doa. Msasa unaacha vumbi lisilopitisha umeme, usipolitoa umefanya kazi bure.

Hilo la karatasi linahusu na platini MPYA. Zinatoka kwenye boksi zimepakwa kautando ka mafuta ya kuzuia kutu. Nilipoanza kazi hii nilifunga seti mpya kwenye pikipiki ya jirani, hakuna moto, nikafungua nikafunga mara nne, nikabadili kondensa, giza likaingia, jirani anasubiri pale na mtoto wa kumpeleka safari asubuhi. Kesho yake alfajiri fundi aliyenifundisha akapitisha karatasi mara mbili tu kati ya zile platini, pikipiki ikawaka kiki ya kwanza. Mpaka leo sijafunga platini bila karatasi mkononi.

Gepu na taimingi ni kitu kimoja

Zungusha injini mpaka kemu izifungue platini kwa upana wake wote, hapo ndo unapima. Pikipiki ndogo za zamani kama Honda C70 au Suzuki A100 zinataka milimita 0.3 mpaka 0.4, weka 0.35. Briggs & Stratton za zamani za platini wanataka inchi 0.020, yaani kama milimita 0.5. Volkswagen kobe ni 0.4. Fila geji (kile kibati chembamba cha kupimia gepu) iingie ikisugua kwa mbali, isibane isilegee. Huna fila geji na uko shamba? Karatasi ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1, tatu zikibanana vizuri unapata 0.3 ya kukufikisha nyumbani, ila ukimaliza safisha nyuzi za karatasi zisibaki mle.

Sasa sikiliza. Ukiongeza gepu, platini zinafunguka MAPEMA zaidi, kwahiyo moto unawahi. Ukipunguza, zinafunguka kwa kuchelewa, moto unachelewa. Kwahiyo anaechezea gepu anachezea taimingi, yaani wakati wa moto kutoka, bila kujua. Flaiwili ya pikipiki za zamani ina alama mbili, T ni pistoni juu kabisa, F ni pale moto unapotakiwa kutoka. Platini zianze kuachana pale F inapokutana na alama ya kwenye kava, sio kabla sio baada.

Unajuaje zimeanza kuachana? Mtu ataweka mita kwenye mlio (inalia ikikuta njia ya umeme), lakini ule waya mnene wa koili umeungana sambamba na platini na omu zake ni kidogo mno, kama 1 hivi, kwahiyo mita italia tu platini zikiwa zimefungwa au zimefunguka. Uchomoe waya wa koili ndo upime. Mimi natumia karatasi ya sigara. Unaibana katikati ya platini, unaivuta kwa vidole viwili kwa wepesi sana huku mkono wa pili unazungusha flaiwili taratibu, na inafika sehemu karatasi inateleza yenyewe kama imeachiwa. Simama hapo hapo, usipumue, angalia F iko wapi. Ikiwa haijafika kwenye alama, punguza gepu kidogo, ikiwa imeshapita, ongeza, alafu pima tena ubaki ndani ya 0.3 mpaka 0.4. Usipoweza kupata F ndani ya hiyo nafasi, platini zimekwisha au ile sahani iliyozibeba imesogea.

Na weka kadoa ka grisi kwenye kemu, kadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, au loanisha ule uzi wa sufi kama upo. Kemu ikikauka inakula ule mguu wa platini, gepu inapungua yenyewe siku hadi siku, moto unachelewa, na mwenye mashine analalamika tu siku hizi haina nguvu kama zamani.

Moto ni mzuri, mafuta yapo, haiwaki au inarudisha teke

Unapiga kiki inakurudishia teke mpaka kisigino kinauma, au kamba inanyang'anywa mkononi, au inapasuka kwenye eksozi kama bunduki alafu kimya. Moto upo ila unakuja saa mbaya. Kama hujagusa gepu, fungua flaiwili uangalie kii, kale kachuma kanakokaa kwenye mfereji kati ya flaiwili na krenki. Ile kii sio inayoishikilia flaiwili, inayoishikilia ni mkazo wa lile shimo lake linaloenda likiwa jembamba na nati iliyokazwa sawasawa, kii kazi yake ni kuionyesha pa kukaa tu. Nati ikilegea, au mashine ya nyasi ikigonga jiwe, flaiwili inateleza na kukata kii.

Ukiitoa usiangalie kama imekatika vipande viwili tu. Iweke kwenye kiganja uitazame kwa ubavu, mara nyingi iko nzima ila ina ngazi katikati, nusu ya juu imesogea milimita moja kuliko ya chini. Hiyo milimita moja inatosha kabisa injini isiwake. Badilisha kwa kii ya injini ile ile. Usichonge msumari. Kwenye mashine za nyasi kii ni laini kwa makusudi ili ikatike yenyewe kabla krenki haijapinda.

Kwa wenye injini za kale za hendeli, zile zenye kijiti cha kuwahisha na kuchelewesha moto kwa mkono, kama Ford Model T, kijiti kiwe upande wa kuchelewesha KABLA hujashika hendeli. Dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli, na uvute kwenda juu usisukume kwenda chini. Hendeli ikirudi inavunja kifundo cha mkono, sio kutegua, kuvunja.

Inawaka ikiwa baridi, ikipata joto inazima

Huu ugonjwa unatesa maana ukifika kwa fundi imeshapoa na inawaka vizuri. Pampu inapiga kazi dakika 20, inakohoa, inazima, haiwaki tena mpaka ipoe. Hapa mtuhumiwa ni koili au kondensa, waya ndani ukipata joto unatanuka unaachana, ukipoa unagusana. (Hakikisha kwanza kifuniko cha tenki kinapumua, kikiziba injini inazima hivyo hivyo kwa kukosa mafuta. Ikizima, legeza kifuniko, ikiwaka mara moja umeokoa koili.)

Pima ikiwa ya MOTO, sekunde ile ile iliyozima, plagi nje, angalia cheche. Hakuna cheche? Badili kondensa kwanza maana ni bei ndogo, na ijaribu mpaka ipate joto tena. Ikizima tena ni koili. Ukiwa na mita, pima koili ikiwa baridi uandike, alafu pima ikiwa ya moto: waya mnene omu 1 hivi, waya mwembamba omu elfu kadhaa, mpaka elfu 15. Joto lenyewe linapandisha namba kidogo, hiyo ni kawaida, ila mita ikisoma hakuna njia kabisa umemkamata. Kumbuka koili inaweza kusoma vizuri kwenye mita na bado ikavuja kwenye volti kubwa, kwahiyo mita inaweza kuihukumu koili ila haiwezi kuitakasa.

Ukifunga koili iliyo nje ya flaiwili, kuna gepu kati yake na sumaku. Briggs nyingi ndogo milimita 0.25 mpaka 0.35, Honda GX kama 0.4. Bana kadi ya biashara katikati, acha sumaku iivute koili yenyewe, kaza bolti, zungusha utoe kadi. Isiguse hata kidogo ikizunguka. Na kama koili ni mpya na kila kitu ni kizima lakini moto bado mnyonge, pima sumaku: shika bisibisi kwa kulegea, ncha iwe kama sentimita 2 kutoka kwenye sumaku, inatakiwa uhisi inavutwa.

Inamisi (moto unaruka ruka) ikipandishwa spidi

Gepu ya plagi kubwa mno, platini zina springi iliyochoka hazirudi kwa haraka, kondensa inaelekea kufa, au waya wa plagi unavuja. Huo wa mwisho usubiri usiku. Washa injini gizani bila taa, utaona vimuluku vya bluu vinatembea juu ya waya au kwenye kapu kuelekea kwenye chuma. Asubuhi yenye umande au baada ya kuosha pikipiki ndo inazidi.

Haizimi

Unazima swichi, inaendelea. Waya wa kuzimia umekatika au swichi haigusi bodi, basi. Izime kwa kufunga mafuta au kwa kuvuta choki, usichomoe kapu la plagi kwa mkono, ule umeme utakutupa na koili utaiumiza.

Zenye betri na distributa

Volkswagen kobe, Land Rover za zamani, hizi zina platini vile vile, ndani ya distributa inayogawa moto kwa kila plagi, ila umeme wa koili unatoka kwenye betri. Hukumu za platini na kondensa ni zile zile. Tofauti ni kwamba ukiacha ufunguo umewasha injini ikiwa imezima na platini zimesimama zikiwa zimefungana, umeme unapita kwenye koili bila kukoma, betri inaisha na koili inachemka. Ukifanya kazi chini ya boneti toa ufunguo.

Kuhusu kubadilisha platini kwa mfumo wa elektroniki, Briggs & Stratton wenyewe walihamia huko 1982 na siku hizi kuna vidude vidogo vya kufunga kwenye injini ya zamani vinavyochukua nafasi ya platini na kondensa. Kwa pampu inayolisha familia, ukipata kinacholingana na koili yako, funga, sina ubishi. Ila ile seti ya platini usiitupe, ifunge kwenye nailoni uiweke kwenye boksi la spana. Kidude kikifa huko shambani hakuna cha kusafisha, unarudisha platini, unapitisha karatasi, unavuta kamba.